Magenge ya bahari na viota vya ndege: tufunge lini, tufunge wapi

Anayetaka kukwea magenge ya matumbawe ya mwambao wetu huuliza kwanza habari za kamba, kina cha maji na njia ya kutokea. Habari za ndege huja mwisho, kama zinakuja. Hapa naziweka mbele kwa sababu ndizo zinazoamua mengine yote: mwezi wa kwenda, jabali la kushika, mtu wa kuombwa ruhusa, na mara nyingine kama uende au usiende.

Zipo njia nne kuu za kuwapatanisha wakweaji na ndege wanaotaga majabalini. Kufunga jabali daima. Kulifunga kwa tarehe maalumu kila mwaka. Kulifunga na kulifungua kwa kufuata kiota chenyewe. Na ya nne, kuwahamishia wakweaji kwenye majabali mengine. Nazilinganisha nikiwafikiria watu wa Mombasa na jirani zake: kijana anayetaka kukwea, kampuni ndogo ya kutembeza wageni, nahodha wa mashua, kamati ya BMU, yaani Beach Management Unit, inayosimamia ufuo. Njia iliyofaulu Wales haifaulu Likoni kwa sababu tu ilifaulu Wales, na tofauti kubwa iko kwenye jinsi yai linavyopotea.

Yai hupoteaje hapa kwetu

Kwenye magenge ya Uingereza kuna ndege aitwaye gilemoti. Hutaga yai moja juu ya ukingo mtupu wa jabali, bila kujenga chochote. Mkweaji akitokeza ghafla, ndege huruka kwa kishindo na yai linaweza kubiringika hadi baharini. Likisalia, shakwe wakubwa wako karibu. Sheria za kule zimejengwa juu ya hofu hiyo: yai kuanguka, yai kupoa, yai kuibwa.

Kwetu yai halipoi. Huungua. Buabua, wale ndege weupe wa bahari wenye utosi mweusi ambao wavuvi huwafuata wakitafuta jodari, hutaga kwenye vijisiwa vya matumbawe, wengine juu ya mwamba mtupu na wengine chini ya kingo za mawe na ndani ya nyufa. Adhuhuri, kazi ya mzazi ni kulitilia yai kivuli. Akiinuka na kukaa hewani akipiga kelele kwa sababu mtu amepanda jabali lake, jiwe lile jeupe linaendelea kupokea jua, na kilichomo ndani ya ganda hakina pa kukimbilia.

Kisha kuna kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu, anayetuamsha alfajiri na kutunyang'anya mandazi mchana, si mzaliwa wa Pwani. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa mwambao mzima, na leo Mombasa ni mji wake. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni jinsi anavyokula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Kunguru hahitaji kupigana na mzazi. Anahitaji mzazi ainuke tu. Mtu anayepita chini ya kiota, akarudi, akapita tena kwa sababu mwenzake anataka kumpiga picha vizuri zaidi, amemfungulia kunguru mlango mara tatu.

Kwa hiyo, unapopima njia yoyote kati ya hizi nne, jiulize inapunguza mara ngapi ndege huinuka kiotoni wakati wa jua kali. Kuhesabu watu tu hakutoshi. Mkweaji mmoja asiyetulia anaweza kudhuru kuliko kumi waliokaa kimya upande wa pili.

Kufunga daima

Hii ndiyo njia rahisi kueleza na ngumu kuisimamia. Inafaa mahali padogo, penye mipaka inayoonekana, ambapo ndege ni wengi na binadamu hana shughuli nyingine. Vijisiwa ndivyo hivyo. Kisite, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kusini mwa Shimoni, na Whale Island, kile kijisiwa cha mwamba kilicho mbele ya Watamu, ni mahali ambapo buabua hutaga. Ukiangalia umbo la Whale Island ukiwa na macho ya mkweaji utakitamani: kingo zilizoliwa na mawimbi kwa chini, mashimo ya kushika kila mahali, maji pande zote. Mimi nasema kisikwewe. Kingo zinazopendwa na vidole ndizo kivuli cha yai, na hakuna namna ya kuzigawa. Ndege wa kisiwani hana genge la pili la kuhamia akisumbuliwa.

Nje ya vijisiwa, yaani kwenye magenge ya mwambao wa Mombasa yenyewe na wa Kilifi na Kwale, kufunga daima kunagongana na watu. Wavuvi wa mshipi hushuka mawe hayo kila siku. Watoto wa mtaani huruka kutoka juu yake maji yakijaa. Yapo mapango ambayo ni mizimu, watu huenda kuweka nadhiri na kufukiza ubani, na wamekuwa wakienda kabla ya yeyote kati yetu kununua viatu vya kukwelea. Ukichora mstari mwekundu kwenye ramani na kusema hakuna apitaye, utakuwa umewakosesha watu wengi haki ndogo ndogo ili kuzuia kikundi kidogo. Tena marufuku isiyosimamiwa huwafundisha watu kuzipuuza hata zile zilizo na maana.

Lakini nisikike vizuri: wenyeji wa Pwani si watu wasioweza kuvumilia mahali palipofungwa. Wakazi wa Kuruwitu, kaskazini mwa Mtwapa, walitenga wenyewe takriban hekta 30 za bahari mwaka 2005 ili samaki na matumbawe yapumzike. Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, zimesimama kwa makatazo ya wazee kwa muda mrefu kuliko sheria yoyote ya wanyamapori. Kaya Kinondo, kule Diani, hupokea wageni hadi leo, kwa masharti: unafunga kaniki, unaongozwa na mwenyeji, unakaa kwenye njia. Hapo nimeona kitu ambacho mabango ya serikali hayana. Mgeni anaingia akiwa ameshajua kwamba ndani kuna aliyetangulia kuwepo, na anajishusha mwenyewe bila kuwekewa askari. Genge lenye ndege linahitaji mapokezi ya namna hiyo.

Kufunga kwa tarehe

Hii ndiyo njia iliyokomaa zaidi ughaibuni. Pembroke, kusini mwa Wales, sehemu nyingi za magenge hufungwa kuanzia tarehe 1 Machi hadi mwishoni mwa Julai au katikati ya Agosti. South Stack, kwenye kisiwa cha Anglesey, sehemu zenye ndege hufungwa kuanzia Februari mosi hadi Julai 31. Tarehe hizo hukubaliwa kati ya chama cha wakweaji wa Uingereza, yaani British Mountaineering Council, na watunzaji wa ardhi na ndege, kisha hutangazwa mahali ambapo kila mkweaji anaweza kuzisoma kabla ya kufunga safari. Nyuma yake ipo sheria ya wanyamapori ya 1981, inayomfanya anayesumbua kwa makusudi ndege fulani adimu kiotoni kuwa mkosaji. Lakini kinachoifanya kazi iende ni ule uzoefu wa miaka: wakweaji wenyewe huambiana, na anayevunja huulizwa na wenziwe.

Gharama yake kule ni kubwa. Machi hadi Julai ndio wakati jua linarudi na mawe yanakauka, na mkweaji wa Wales anaitoa sehemu nzuri ya mwaka wake kwa ajili ya ndege. Anaitoa, na wengi wao huitoa bila kinyongo.

Sasa tazama kalenda yetu. Buabua wa mwambao wa Kenya hutaga wakati wa kusi, kati ya Juni na Oktoba hivi. Kusi ndio wakati bahari imechafuka, mawimbi yanapiga moja kwa moja kwenye magenge yanayoelekea nje, na mashua ndogo zinalala kwenye hori. Mtu mwenye akili timamu hapandi genge la nje mwezi Julai. Maji ya kukwelea, yaliyotulia na yenye kina, ni maji ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Yaani ndege na mkweaji wa Pwani tayari wanaishi kwa zamu. Kufunga vijisiwa na magenge ya nje kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Oktoba kunatugharimu karibu na bure, ilhali Mwingereza analipa kwa miezi yake mizuri. Sioni sababu hata moja ya sisi kushindwa na jambo ambalo kwetu ni jepesi kuliko kwao.

Miezi mitano inaonekana mingi kwa ndege mdogo. Hesabu yake ni hii. Wapo buabua wanaotaga yai moja chini ya kingo za mawe, wakaatamia kwa karibu mwezi mmoja, kisha kinda likahitaji takriban miezi miwili kabla ya kuruka. Jozi moja pekee inamaliza miezi mitatu. Na hawaanzi wote siku moja. Waliochelewa huanza wakati makinda ya wenzao yameshaota manyoya. Wengine, wale wenye kifua cha rangi ya waridi, humaliza haraka zaidi, lakini wana tabia ya kuhamahama: mwaka huu kisiwa hiki, mwaka ujao kile, na mwaka mwingine hawaonekani. Ndiyo maana dirisha lazima liwe pana, na lifungwe hata mwaka ambao ndege wanaonekana kama hawakuja. Huenda wamechelewa tu.

Watu wetu wanaijua kufunga kwa msimu kupitia pweza. Pemba na Pate, wavuvi wameshafunga miamba ya pweza kwa miezi michache, wakaifungua siku moja na kukuta pweza wakubwa. Huwa nasikia mfano huo ukitolewa kama ushahidi kwamba na ndege watalindwa vivyo hivyo. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Pweza analipa siku ya kufungua. Kila aliyevumilia anarudi nyumbani na kitu mkononi. Kinda la buabua likiruka, hakuna anayelipima kwa kilo. Aliyejinyima kwenda kisiwani haoni malipo yake. Basi malipo lazima yatengenezwe, na anayefaa kuyatoa ni yule anayenufaika kwa genge kuwa wazi Desemba: mkweaji, na kampuni inayompeleka.

Lakini wapo wanaonufaika kwa namna ambayo hatuisemi vya kutosha. Nahodha anayetafuta jodari au vibua hutazama juu kabla ya kutazama chini. Wanapozama buabua, dagaa wamesukumwa juu, na nyuma ya dagaa yuko samaki mkubwa. Ukienda kuzungumza na wazee wa bandari kuhusu kufunga kisiwa, anza hapo. Hoja ya kwamba ndege ni wazuri wataipokea kwa adabu. Hoja ya kwamba kundi la buabua likihama bahari inakuwa kipofu wataijadili mpaka adhana ya magharibi.

Udhaifu wa tarehe ni kwamba zinafaa ndege wa aina moja. Mbayuwayu na teleka wanaokaa kwenye mapango na nyufa za magenge ya mwambao hawafuati kusi. Wengine hujenga kwa udongo, wakingoja mvua za masika au za vuli. Wengine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ukiwafungia Juni hadi Oktoba, utakuwa umelifunga jabali wakati mapango yake yamekuwa matupu, na kulifungua wakati yamejaa. Kwa hao inahitajika njia ya tatu.

Kufunga kwa kufuata kiota

Hapa hakuna tarehe iliyoandikwa tangu mwanzo wa mwaka. Kiota kikionekana, sehemu ile hufungwa. Makinda yakiruka, au kiota kikifa, hufunguliwa, hata kama ni mapema. Uingereza hutumia njia hii hasa kwa kozi, yule ndege mwindaji mwenye mbio, ambaye huchagua jabali hili mwaka huu na lile mwaka ujao. Kufunga genge zima kwa ajili ya jozi moja ambayo huenda imekaa upande wa pili kungewaudhi watu bila faida. Kwa hiyo hufunga mita kadhaa kulia na kushoto kwa kiota, na kubadilisha tangazo kadiri hali inavyobadilika.

Kwa haki, hii ndiyo njia bora kuliko zote. Pia ndiyo inayohitaji watu wengi zaidi: macho yaliyozoea, subira, na njia ya kufikisha habari siku hiyo hiyo. Mombasa tuna sehemu ya hivyo. Nature Kenya, ambayo mizizi yake inarudi hadi 1909, ina wanachama wanaojua ndege. A Rocha Kenya wako Watamu na wamekuwa wakifuatilia ndege wa eneo hilo. BMU ziko karibu kila bandari ya wavuvi. Na kila nahodha ana simu yenye kundi la WhatsApp linalotangaza upepo, mafuta na misiba. Kundi hilo hilo linaweza kubeba ujumbe wa mstari mmoja: kuanzia mbuyu ule hadi ngazi za zamani, msipande mpaka tutangaze.

Angalia nilivyouandika ujumbe huo. Unataja sehemu ya genge, hautaji shimo. Jambo hili ni zito. Ukitangaza kiota kilipo hasa, umewaita wapiga picha, na kwa kozi umewaita hata watu wa kunasa makinda wakauze. Siri ya kiota ibaki kwa watu wawili watatu. Umma uambiwe mipaka tu.

Na wewe mkweaji unaweza kuifanya njia hii hata kama hakuna aliyekutangulia. Kabla ya kufungua begi, kaa mbali na genge, penye kivuli, utazame kwa muda wa kutosha bila kusema. Ndege anayeingia shimo lile lile mara kwa mara ana yai au kinda. Ndege anayekuja na kitu mdomoni na kukizungusha hewani bila kuingia ameshakuona, anangoja uondoke. Madoa meupe yaliyotiririka chini ya ufa mmoja, huku mawe ya pembeni yakiwa safi, yanaonyesha mlango. Wakiinuka wengi pamoja wakilia, hapo huna haja ya kutazama zaidi: umekaribia kupita kiasi, rudi nyuma. Pango lenye harufu kali na sakafu laini nyeusi ni la popo, na popo wa mapango ya matumbawe wanastahili utulivu huo huo, hata kama hawatagi.

Vyakula ni sehemu ya jambo hili. Ganda la yai la kuchemsha, mkate, kipande cha viazi karai kilichobaki: hivyo ndivyo vinavyomleta kunguru kwenye genge ambalo hakuwa na sababu ya kulitembelea. Beba kila kitu urudi nacho.

Kuhamia bara

Wengine husema tuyaache magenge ya bahari kabisa, mkweaji apande treni aende zake. Hoja hiyo ina nguvu zake. Kutoka stesheni ya Miritini, treni ya SGR inayosimama njiani inakufikisha Voi, na kuanzia hapo kuna majabali ya Tsavo, kama Kichwa Tembo kule Tsavo Magharibi. Mbele zaidi kuna Lukenya karibu na Athi River, na Hell's Gate kule Naivasha, hifadhi iliyoanzishwa 1984, yenye mnara wa Fischer ambao wengi wamejifunzia.

Kwa upande wa vifaa, bara inashinda bila ubishi. Chumvi na joto vya bahari ya tropiki hula bolti, vile vyuma vinavyotobolewa jabalini ili kushikia kamba. Hata chuma cha pua, ambacho kwa macho kinang'aa, kinaweza kupasuka ndani kwa ndani bila kuonyesha kutu, na kuvunjika kwa uzito ambao kilipaswa kuubeba. Ndiyo maana kwenye magenge ya bahari ya Thailand walilazimika kugeukia bolti za titani zinazogundishwa kwa gundi maalumu. Matumbawe yetu nayo ni makali, yanakata kamba, na yana mapengo usiyoyaona. Mimi ningependa yasitobolewe kabisa. Bolti ni mwaliko wa kudumu: ukiiweka leo pembeni ya ufa usio na kitu, mwakani ufa una kiota na mwaliko bado upo. Kamba inayofungwa juu na kufunguliwa jioni, au kukwea bila kamba juu ya maji marefu wakati wa maji kujaa, huliacha jabali likiwa huru kubadilika. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo anayechagua kukwea juu ya maji ajue saa zake, maana kina cha asubuhi kinaweza kuwa mwamba mtupu adhuhuri.

Lakini bara si mahali pasipo na ndege. Kwenye kuta za Hell's Gate hutaga tumbusi wa aina iliyo hatarini kutoweka kabisa, iliyowekwa kwenye daraja hilo la hatari tangu 2015. Jozi hutaga yai moja, hulalia karibu miezi miwili, na kinda hukaa kiotoni kiasi cha miezi mitano. Zaidi ya nusu mwaka, kwa kinda moja. Ukipoteza hilo, jozi imepoteza mwaka. Ukilinganisha na buabua wetu, ambaye akiharibikiwa mapema huenda akajaribu tena, kumsumbua tumbusi ni kosa zito zaidi. Anayetoka Mombasa akidhani amekimbia tatizo la viota, amelikimbilia lililo kubwa kuliko la kwao. Kule kwa kweli njia ya kufuata kiota ndiyo pekee inayofaa, na askari wa hifadhi ndio wa kuuliza kabla ya kugusa ukuta mkubwa.

Nani aamue

Ndani ya hifadhi za bahari, KWS. Hilo halina mjadala, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iko nyuma yao. Nje ya hifadhi ndiko kwenye kazi, kwa sababu genge moja linaweza kuwa na mwenye shamba juu, wavuvi chini, mzee wa mzimu katikati, na kaunti ikidai mstari wa maji. Nimeona wageni wakienda kwa mwenye hoteli peke yake, wakapewa ruhusa, wakaamini wamemaliza. Hawajamaliza. Fika bandarini, toa "Asalaam aleikum, wazee", kaa, ueleze unataka kufanya nini, kisha uulize wao wanapatumia vipi na ndege huonekana wapi. Mvuvi aliyeshuka mawe hayo tangu utotoni anajua ufa wenye kiota kuliko darubini yako. Tena makubaliano yasiwabane wakweaji peke yao au wavuvi peke yao. Mvuvi akizuiwa kushuka ilhali mgeni mwenye helmeti anapanda, mpango umekufa siku hiyo.

Wewe uchague ipi

Kama wewe ni mkweaji, njoo kaskazi, shika magenge ya mwambao tu, viache vijisiwa, na fanya ile subira ya kutazama kabla ya kupanda. Januari na Februari zitakupa maji mazuri kuliko mwezi mwingine wowote, na buabua watakuwa wameshaondoka na makinda yao. Ukibahatika kuwa huku Julai, nenda Voi.

Kama una kampuni ya kupeleka watu, chagua kufunga kwa tarehe na uiandike kwenye matangazo yako: Juni hadi Oktoba hatupeleki mtu kwenye magenge ya nje wala vijisiwani. Hupotezi biashara ya maana, kwa sababu kusi ilishaifunga. Unachopata ni neno lenye uzito mbele ya BMU na KWS siku ukihitaji jambo lingine. Na usiwauzie wageni "kisiwa cha ndege" kama kivutio cha kushuka. Watazame wakiwa chomboni, kwa mbali kiasi kwamba ndege hawainuki.

Kama uko kwenye kamati ya ufuo, changanya. Kijisiwa chenye kundi la buabua, funga daima kwa kukwea na kwa kushuka bila kazi. Genge la nje, funga kwa kusi. Genge la ndani, la hori na mapango, lifuateni kwa macho, mkifunga vipande na kufungua vipande. Msijaribu kutumia sheria moja kwa yote matatu ili iwe rahisi kuandika.

Siku ya kufungua, Novemba mosi, asipande mtu kabla ya mwanakamati mmoja na mtu mmoja anayejua ndege hawajazunguka kwa chombo na kutazama. Wakikuta kinda lililochelewa, kipande hicho kingoje wiki nyingine mbili, na vingine vifunguliwe. Mtu huyo wa kuzunguka, pamoja na mlinzi wa miezi ya kufunga, walipwe mafuta na siku zao. Kiasi hicho kiingizwe kwenye ada ya kila safari ya kukwea tangu msimu uliopita, kikae kwa mweka hazina wa BMU, na kianze kutolewa mwezi Juni, wakati mlinzi anaanza kazi na hakuna mtalii wa kumlipa.